Shangingi V8 ya dizeli ya mkononi, mil 72, asubuhi inatoa moshi wa bluu. Nichukue au nikimbie?

#1 Mkamua_Alizeti
Wakuu mbukwenyi. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela, maana nikishaitoa ndo basi tena. Mimi nakamua alizeti hapa Kizota, mashine ndogo tu, msimu ukifika nazunguka Kongwa, Mpwapwa mpaka Kibakwe kule milimani kufuata mzigo kwa wakulima, na kigari nilichonacho sasa hivi kila nikitoka Kibakwe kinaenda gereji moja kwa moja kabla hata mimi sijafika nyumbani kuoga. Nimechoka bushi, nimechoka shokapu.

Sasa nimepata Land Cruiser 200, VX, dizeli, V8 cc 4461, ya mwaka 2010. Muuzaji yuko Area D. Anasema ilikuwa ya mradi, zamani ilivaa namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, sasa ina namba ya kiraia. Dashibodi inasoma kilomita 168,000. Anataka mil 72 na anasema "maongezi yapo". Mara ya kwanza nimeenda jioni, gari imetulia, nikaizungusha hadi Ihumwa na kurudi, nikajisikia mkuu wa mkoa. Mara ya pili nikaibuka saa moja asubuhi bila kupiga simu, nikamkuta ndo anaiwasha, ukatoka moshi wa bluu ule wa kuficha tairi la nyuma, dakika mbili hivi, halafu ukakata. Namuuliza ananiambia dizeli zote zinafanya ivo asubuhi, hii ni baridi ya Dodoma.

Fundi wangu wa kwanza kasema tabo, ile ya kusukuma hewa kwenye injini. Wa pili kasema ringi za pistoni, injini inashushwa. Wa tatu hata gari hajaiona, kasema mafuta yamechakachuliwa. Nani mkweli hapo?

#2 Kipilipili
"Mashine ndogo tu" halafu mil 72? Mkuu unakamua alizeti au unakamua noti? Nimevuta kigoda, wataalamu waje.

#3 Babu_Dizeli
Kijana, kwanza jifunze kusoma moshi, wengi wanaibiwa hapo. Mweusi ni dizeli imezidi au hewa haitoshi. Mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni dizeli imepita bila kuungua, angalia injekta, plagi za kupasha au kompresheni. Mweupe wa mvuke usiokata hata gari ikipata moto, na rejeta inapungua maji, hapo ni hedi au gasketi. Bluu ni oili inaungua, hakuna mjadala. Kwa iyo huyo fundi wa tatu mrudishie chai yake.

Sasa bluu ya dakika mbili asubuhi halafu inakata, hiyo ni oili iliyochuruzika usiku gari ikiwa imelala. Valvu sili, yaani vimpira vya kuzuia oili kwenye valvu, au tabo. Ringi zikiisha moshi haukati, unakupa asubuhi, unakupa mchana ukipanda mlima. Umeipandisha mlima? Kwenda Ihumwa sio mlima.

#4 Mgogo_Halisi
Baridi ya Dodoma 😂😂 mwambie muuzaji apeleke gari Makete mwezi wa saba akaone baridi. Huku ni upepo na vumbi, baridi tunaisingizia tu.

#5 Spana_19
Namheshimu Babu hapo #3 ila valvu sili kwenye dizeli nina mashaka nazo. Petroli ina ile sahani ya kubana hewa kwenye koo, ukiachia mafuta manifoldi inavuta, ndo maana inanyonya oili kwenye sili za valvu. Dizeli hainyonyi ivo. Na ndo maana dizeli inafungwa pampu ya vakiumu pembeni ili breki zipate nguvu.

Na hapo kwenye pampu ndo nataka mtu aangalie. Injini hii ni 1VD-FTV, imeanza 2007. Zile za miaka ya mwanzo zina jina la kula oili, na kitu kilichokuja kubadilishwa ni hiyo pampu ya vakiumu. Inatupa oili nyingi kwenye njia ya kupumulia ya injini, oili inarudi kwenye hewa inayoingia, inaungua. Mleta uzi muulize mwenye gari anaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi na sevisi. Injini inabeba lita 9 na ushee, akikwambia "haijawahi kuongezwa" na huku ina dumu la oili nyuma kwenye buti, umeshajibiwa.

#6 InjiniBubu
Mkuu chukua hiyo. Za Japani zile zina matunzo, Mjapani hachezi na sevisi. Moshi kidogo asubuhi usikutishe.

#7 Vumbi_la_Kondoa
InjiniBubu hapo umechapia. Landkruza 200 ya dizeli Japani haikuuzwa, kule walipewa za petroli tu, 4.7 halafu 4.6. Ukiona 200 ya dizeli yenye usukani kulia, imetoka Australia, Uingereza, Afrika Kusini au iliuzwa mpya hukuhuku. Dalali akikwambia dizeli ya mnada wa Japani jua anakuuzia na hadithi juu. Njia rahisi angalia chesisi, dizeli inaanza VDJ200, za petroli ni UZJ au URJ.

#8 InjiniBubu
Sawa mkuu nilichanganya na ya 100. Ile ya dizeli Japani ilikuwepo.

#9 Vumbi_la_Kondoa
Ya 100 ndio, ilikuwepo, ina 1HD-FTE silinda sita mstari mmoja. Hapo tuko pamoja.

#10 DerevaWaBosi
Naingia hapa kama mtu aliyekaa ndani ya hayo magari miaka tisa. Watu wanauliza kilomita, kilomita, mimi nawaambia kilomita za shangingi la ofisi hazisemi kitu. Ngoja niwape siku moja tu. Saa mbili asubuhi namshusha bosi kwenye ukumbi, kikao kinaanza, mimi napaki chini ya mti kama upo, kama haupo napaki juani. Injini haizimwi. Kwa nini? Kwa sababu bosi akitoka saa sita kasoro akakuta kiti cha moto, mimi ndo nitakaa juani. Kwa iyo masaa manne AC inavuta, injini inaunguruma imesimama, odometa haijasogea hata nukta. Mchana tunahamia kikao kingine, hadithi ileile. Siku inaisha nimetembea kilomita 22 na injini imefanya kazi masaa saba.

Sasa zidisha iyo kwa miaka. Na dizeli ukiiacha inaunguruma bila mzigo haipati moto wa kutosha, masizi yanajaa, kuta za silinda zinapigwa msasa wa kioo, zinateleza, ringi hazikamati oili inapita. Fundi mmoja mzee aliwahi kunionyesha silinda ya injini ya namna hiyo, kuta zimeng'aa kama sahani ya bati, ile mistari ya kukatana ya kiwandani haipo. Ringi zenyewe alizipima zikawa bado nzima! Kwa iyo mleta uzi, fundi wako wa pili anaweza kuwa amepatia ugonjwa akakosea sababu.

#11 Kipilipili
Kumbe kodi yangu inapoza kiti 😅

#12 Mgogo_Halisi
#10 hii imeniuma. Nimepanda daladala Nkuhungu leo dirisha halifungi.

#13 Mama_Zabibu
Jamani na mimi nichangie, ni Prado sio V8 ila dizeli ni dizeli. Niko Hombolo, nilinunua ya mkononi yenye injini ya 3.0, 1KD. Nilikagua rangi, viti, redio, nikaridhika 🙈. Miezi mitano baadaye asubuhi ikawa inagonga kama mtu anapiga mwiko kwenye sufuria, halafu ikipata moto inanyamaza. Nikaambiwa ndo mlio wa dizeli mama usiwe na wasiwasi. Siku moja narudi na kreti za zabibu taa ya oili ikawaka nikiwa karibu na nyumbani, nikazima palepale nikaivuta kwa trekta la jirani.

Fundi alipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nilikuwa nimesimama pembeni yake. Kile kichujio cha chini kinachonyonya oili kilikuwa kimezibwa na kitu cheusi kama ukoko wa ugali ulioungua. Chanzo ni zile washa za shaba chini ya injekta, zimechoka, moshi wa silinda unapenya unaingia kwenye oili, oili inageuka lami. Washa yenyewe ukiishika ni ndogo kuliko pete. Kwa hiyo mkamuaji wangu, muulize huyo bwana kama washa za injekta zimewahi kubadilishwa. Sijui kama V8 ina ugonjwa huo.

#14 Spana_19
Pole mama. Ugonjwa huo ni maarufu kwenye 1KD kuliko V8, ila V8 nayo ni komonreli, bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote, na injekta ziko nane sio nne. Ikianza kuumwa injekta zinakuumwia nane. Na Mungu akusaidie usikutane na fundi anayebadilisha moja moja kwa kubahatisha.

#15 Vumbi_la_Kondoa
Wote mnazunguka, hakuna aliyetaja vumbi na tuko Dodoma. Ngoja niseme.

200 hizi boksi la eaklina, yaani la chujio la hewa, lina udhaifu unaojulikana, mfuniko wake haukabi sawasawa, vumbi laini linapenya pembeni ya chujio badala ya kupita kwenye chujio. Kwenye lami hutajua maisha yako yote. Huku kwetu, Chemba, Kwamtoro, Mpwapwa, ukiwa nyuma ya lori dakika kumi tu umekula vumbi la mwaka. Na vumbi lile ni mchanga wa kusaga, likiingia linaanza na mapanga ya tabo, linashuka kwenye ringi. Injini inakufa taratibu, haipigi kelele, inaanza tu kula oili na kuvuta kizembe.

Kupima ni bure. Fungua boksi, toa chujio, chukua kitambaa cheupe kikavu, pitisha kidole ndani ya bomba upande wa BAADA ya chujio, yaani upande unaoelekea kwenye tabo. Hapo panatakiwa pawe pasafi, ukungu kidogo wa oili sawa. Kidole kikitoka na unga mwekundu, funga boneti, sema asante, ondoka. Mtu akisafisha bomba kabla hujafika angalia kwenye mikunjo ya mpira, hapo huwa wanasahau.

#16 Babu_Dizeli
Vumbi kasema kweli tupu. Nakubali kuliko hata valvu sili zangu.

#17 Spana_19
Mimi bado niko kwenye pampu. Gari ya 2010 ya mradi inakuwa na ratiba ya sevisi, chujio linabadilishwa.

#18 Vumbi_la_Kondoa
Mkuu kubadilisha chujio ndo kunazidisha kama boksi halikabi, kila ukifungua unavuruga ukingo. Chujio jipya kwenye boksi bovu ni mlango wa chuma kwenye nyumba ya nyasi.

#19 Kipilipili
Mimi nasema chukua hiyo mil 72, panda SGR kwenda Dar mara elfu na chenji ibaki, utafika hujapigwa tochi hata moja.

#20 Mgogo_Halisi
SGR inafika Kibakwe?

#21 Kipilipili
Alizeti itatembea yenyewe mpaka stesheni.

#22 DerevaWaBosi
Kwa habari ya tochi, kabla hujalipa ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki. Gari hizi njia ya Morogoro zinakimbia, unaweza kurithi deni ukalia.

#23 Mkamua_Alizeti
Wakuu asanteni sana, nimerudi na mrejesho. Leo nimeenda saa tano na kitambaa cheupe mfukoni kama naenda kubatizwa. Muuzaji hakuwepo, alikuwepo kijana wake tu, akanifungulia boneti. Nikafungua kamba za boksi la eaklina, nne hivi, moja haina mkazo kabisa, inacheza. Chujio jipya, linanukia duka. Bomba nje limefutwa linang'aa. Nikaingiza kidole kwenye mikunjo ya mpira kama Vumbi alivyosema #15. Kitambaa kimetoka na mstari wa rangi ya udongo, sio mwingi, kama unavyopaka poda kidogo shavuni. Sasa hiyo ni ya kukimbia au ni ya kawaida?

Halafu nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, nikakiweka kichwa chini juu ya tundu. Kikawa kinatetemeka na hewa inatoka ila hakikurushwa. Kijana akasema "V8 zote zinapumua". Na nimeona pembeni ya pampu ya maji kuna ukoko wa pinki kama chumvi. Na gari imelala kidogo upande wa dereva, vidole viwili hivi ukipima kwenye bawa la tairi. Kipimio cha oili kiko juu ya alama ya mwisho.

#24 Babu_Dizeli
Hapo umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wako watatu. Kifuniko kutetemeka kwenye injini kubwa ya namna hiyo peke yake hakikuhukumu, kingerushwa ningesema ringi. Pinki ni kulanti inayovuja ikakauka, pampu ya maji inaanza kuaga, hiyo punguza kwenye bei. Kinachonisumbua ni oili kuwa JUU ya alama. Gari inayokula oili inakuwaje oili imezidi?

#25 Spana_19
Njia mbili tu. Ama wamejaza makusudi ili ukipima usione imepungua, na oili ikizidi kranki inaichapa inakuwa povu, inapumuliwa, inaungua, moshi wa bluu huo hapo na ugonjwa mwingine wala haupo! Ama injekta inavuja dizeli inashuka kwenye sampo, oili inaongezeka kwa dizeli. Chukua tone la oili liweke kwenye karatasi nyeupe, linuse. Likitanuka haraka na pembeni kuna mduara wa majimaji unaonuka dizeli, ni injekta.

#26 Mama_Zabibu
Injekta! Nilisema mimi.

#27 DerevaWaBosi
Au ukoko wa masaa ya AC. Mbona mnanisahau.

#28 InjiniBubu
Gari kulala upande wa dereva ni kawaida za 200 zenye KDSS, ule mfumo wa kuzuia gari kulalia upande kwenye kona, watu wanalegeza valvu zake inarudi. Muhimu usijekuta springi imekatika.

#29 Mgogo_Halisi
Au bosi alikuwa mnene.

#30 DerevaWaBosi
Bosi anakaa nyuma kushoto mkuu. Upande wa dereva ni mimi 😂

#31 Kiroboto_wa_Manyoni
Habari wakuu. Mimi nauliza kwani lazima 200? Kwa mil 72 si unapata ya 100 au Patrol nzuri tu, Patrol ile injini ya ZD30 4.2 haifi.

#32 Vumbi_la_Kondoa
Kiroboto umeunganisha injini mbili. 4.2 ya Patrol ni TD42, hiyo kweli haifi, ni ya zamani, inavuta taratibu kama punda wa maji lakini inafika. ZD30 ni 3.0 ya tabo, na hiyo ndo yenye sifa mbaya ya kuyeyusha pistoni hasa zile za mwanzo. Ukikosea herufi unanunua msiba.

#33 Babu_Dizeli
Kwa shughuli ya alizeti mimi ningemwambia atafute Land Cruiser yenye injini ya zamani ya 1HZ. Haina tabo, haina komonreli, pampu ya kizamani inayofunguliwa na fundi yeyote wa pampu hapa Majengo. Haikimbii, ukweli usemwe, ukiwa na mzigo mlima wa Kibakwe utausoma kila jiwe. Ila usiku porini unaitengeneza kwa waya na sabuni. Ya 100 yenye 1HD-FTE ni tamu zaidi, angalia tu taiming belti imebadilishwa, ile taa ya belti kwenye dashibodi kuna watu wanaizima bila kubadilisha belti. V8 haina habari ya belti, ni cheni.

#34 Kiroboto_wa_Manyoni
Asante mkuu. Na zile za Kiingereza, Discovery 3 ya 2.7? Bei yake imeanguka sana siku hizi, kuna moja naipigia hesabu.

#35 Spana_19
Jiulize kwa nini imeanguka. Injini yake hiyo, TDV6, ina historia ya kranki kukatika, belti yake ukichelewesha umekwisha, na kazi nyingi kubwa ili fundi apate nafasi anafungua bodi lote analinyanyua kutoka kwenye fremu. Bodi lote! Hapa Dodoma mafundi wa kunyanyua bodi ni wangapi? Ukiendesha ni raha ya ajabu, sikatai.

#36 Kiroboto_wa_Manyoni
Nimefuta hesabu.

#37 Mwenye_Gari_D
Habari za jioni. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimetumiwa na shemeji yangu. Mimi ndiye mwenye gari mnayoijadili. Kwanza niseme sijapendezwa watu kuita gari yangu inakufa taratibu bila kuiona. Gari hii nimekaa nayo miaka miwili, nimeenda nayo Kondoa na Iringa kupitia Mtera, haijawahi kunilaza njiani. Moshi ni kwa sababu imekaa miezi saba haitembei, nilikuwa naumwa mgongo, gari iliyokaa lazima iteme kidogo. Oili alimwaga fundi akazidisha kama lita moja, hilo kosa nakubali. Chujio nimebadilisha kwa sababu gari inauzwa, mtu anayeuza nyumba si anapaka rangi?

#38 Kipilipili
Leo pamenoga 🍿

#39 Mkamua_Alizeti
Kaka shikamoo, na pole kwa mgongo. Sikukusudia kukuvunjia heshima, sikutaja namba wala jina. Hela yenyewe nimeitafuta kwa jasho ndo maana nauliza kila mtu. Ombi langu ni moja, naomba Jumamosi nije alfajiri na fundi gari ikiwa imelala, usiiwashe kabla. Oili ipunguzwe iwe kwenye alama toka leo, ili tujue moshi ni wa oili kuzidi au ni wa kitu kingine.

#40 Mwenye_Gari_D
Marahaba. Njoo. Saa kumi na mbili kasoro nitakuwa macho. Ila bei haipungui chini ya 68.

#41 Vumbi_la_Kondoa
Mwenye gari nakupongeza kwa kujitokeza, wengi wangezima simu. Swali kwa heshima, miezi saba imekaa na kamba ya boksi la eaklina ilikuwa imelegea tangu lini? Maana Iringa kwa Mtera ni lami ila njia za vijijini sio.

#42 Mwenye_Gari_D
Kamba sijui. Nimeikuta ivo.

#43 Spana_19
Gari iliyokaa miezi saba mimi naogopa maji kwenye tangi kuliko moshi. Ina matangi mawili, la lita 93 na la ziada lita 45, kama lilikuwa nusu tupu miezi saba unyevu umejikusanya. Kabla ya Jumamosi fungua kile kichujio cha dizeli umwage maji ya chini. Dizeli ya komonreli na maji ni maadui wa damu.

#44 InjiniBubu
Hapo ndo fundi wa tatu anarudi, mafuta yamechakachuliwa 😂

#45 Babu_Dizeli
Uchakachuaji ule wa kuchanganya mafuta ya taa ulipungua sana, EWURA walianza kuweka vinasaba, ile alama ya siri ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, 2010, halafu bajeti ya 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, faida ya kuchanganya ikafa. Maji ni habari nyingine, maji yanaingia yenyewe.

#46 Mgogo_Halisi
Lita 138 full tangi! Kiroboto njoo uzidishe na bei ya EWURA ya mwezi huu, mimi naogopa.

#47 Kiroboto_wa_Manyoni
Nimezidisha. Nanunua pikipiki.

#48 DerevaWaBosi
Mtu wa Jumamosi aende na mashine ya kupima, asome marekebisho ya injekta zote nane. Na kama kuna mwenye geji ya kompresheni ya dizeli amuazime, inaingia kwenye tundu la plagi za kupasha. Geji ya petroli msijaribu itapasuka mkononi.

#49 Babu_Dizeli
Geji ninayo. Nipitieni Chang'ombe saa kumi na moja, mimi silali siku hizi.

#50 Mkamua_Alizeti
Wakuu ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, tupo getini Area D mimi, Babu na geji yake. Nimeshika boneti, ya baridi kabisa, mwenyewe amekaa na neno lake. Oili iko kwenye alama. Anatafuta funguo.

#51 Kipilipili
Rekodi video.

#52 Mkamua_Alizeti
Imewaka. Mara ya kwanza ilisuasua, ya pili ikashika. Moshi upo. Ila mbona safari hii ni mweupe???

#53 Mama_Zabibu
INJEKTA.

#54 Spana_19
Maji kwenye dizeli. Alimwaga kichujio? Muulize kama alimwaga kichujio.

#55 Vumbi_la_Kondoa
Giza bado na mmemulika na taa ya gari nyingine, moshi wowote hapo utauona mweupe. Msihukumu.

#56 DerevaWaBosi
Unanukaje? Babu si yupo hapo, asogeze pua.

#57 Mkamua_Alizeti
Babu kainama kwenye bomba toka imewaka hasemi kitu. Mwenye gari anasema ni umande. Sasa Babu kanikonyeza niiache iungurume kwanza, anafungua sanduku la geji.